Herufi Moja ya Lali

Mwanangu Shee,

Nakusalimu ungali nyumbani. Sauti yako naisikia kwenye baraza ya jirani, unaaga, na najua wanalokwambia, maana ndilo unaloambiwa kila nyumba ya Langoni tangu alasiri: "Nenda, mwana, kafuate nyayo za mamako." Nimekimbilia kalamu kabla hujarudi. Ukiingia ukanitazama kwa macho hayo ya babako, nitaanza kukuuliza kama kofia zako umezitia kwenye boksi, tutazungumza kofia mpaka isha, na kesho utapanda boti hujaambiwa kitu.

Sitakufundisha kula wala kulala. Una umri wa kuoa na hutaki, shauri yako. Shangazi yako yuko huko Nairobi na ulimi wake unatosha watu wawili. Mimi nataka kukwambia habari za hizo nyayo.

Unazijua kama zinavyosimuliwa. Binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, akawa wakili, akawa mbunge, kisha akateuliwa kukalia kiti cha juu kabisa cha sheria, kile ambacho saini yake humpeleka mtu mahakamani au humrudisha kwake. Picha iko ukumbini: mimi na buibui langu, bendera nyuma yangu. Umekua ukiitazama. Siku uliyofuzu uliniambia kwamba sheria uliisoma kwa sababu ya picha ile. Nikasema alhamdulillahi, nikaenda jikoni nikalia. Ulidhani ni furaha, nami nikakuacha udhani.

Kabla ya kiti palikuwa na kura, na kura niliziomba kwa lugha yetu. Nilikuwa nimesoma Nairobi miaka mingi na ulimi wangu ulishaanza kusema nchi na njia kama mtangazaji wa redio. Lakini nikipanda jukwaani Siyu au Faza nilisema nti, nilisema ndia, na watu walifurahi, wakasema huyu ni wetu, hajaharibika. Babako, Mungu amrehemu, alikuwa akinicheka: "Bi, ulimi wako una nguo mbili, ya nyumbani na ya kutokea." Nilimwambia siasa ndivyo ilivyo. Na ndivyo ilivyo kweli, sikumdanganya.

Kisiwa cha Ndau tulifika maji yamekupwa. Boti ikakwama mbali na ufuko, ikawa lazima tuteremke tutembee majini. Tulikuwa na spika moja kubwa ya kukodi, na vijana wangu wa kampeni wakaanza kubishana ni nani wa kuibeba. Akaja mvuvi mmoja mwembamba, mzamiaji wa kamba wakubwa wa mwambani, jina lake Lali. Aliitia spika kichwani, akaishika kwa mikono miwili, akatangulia. Mimi nyuma yake nimekunja buibui, maji yamenifika magotini, nalalamika. Akanigeukia nusu, maana hakuweza kugeuza shingo. "Bi," akasema, "wewe ukirowa utakauka. Mashine hii haiyui kukauka."

Tulicheka mpaka pwani. Siku ile nilikula kwao, mkate wa mofa na mchuzi wa kamba, mamake Bi Zena akinisukumia minofu kwa mkono wake. Kura za Ndau nilizipata karibu zote. Nakueleza haya yote ili ujue kwamba Lali nilikuwa namjua, namjua kwa jina, kwa uso na kwa mchuzi wa mamake.

Miaka minne baadaye nikateuliwa. Nikasailiwa mbele ya kamati, na mheshimiwa mmoja akaniuliza huku akitabasamu: "Bi, tukikupa kiti hiki utakuwa wakili wa watu wa visiwani au wa nchi?" Nikamjibu, "Mimi ni wa nchi." Ch yangu ilikuwa imenyooka kama rula. Walipiga meza. Jioni babako alinipigia simu kutoka hapa, akaniuliza, "Bi, nti yetu imekwenda wapi?" Alikuwa akinitania, nami nikacheka.

Faili la Lali lilinifikia nikiwa na wiki sita kazini. Mnunuzi mmoja wa kamba, mtu wa bara, alikutwa amekufa ufukoni Ndau, kichwa kimepasuka. Aliyemkuta ni Lali. Yeye mwenyewe ndiye aliyepanda mashua kwenda kutoa habari kituoni, na kituoni akaandikiwa maelezo na askari mgeni ambaye hakuwa na mwezi tangu ahamishiwe huku. Marehemu alikuwa na jamaa wenye sauti. Magazeti yaliandika kwamba visiwani hakuna sheria, na kila aliyeandika alimalizia kwa kutaja jina langu na nilikotoka.

Maelezo yalikuwa ya mkono, ukurasa mmoja, na chini yake alama ya kidole gumba. Lali alisoma chuoni kwa herufi za Kiarabu, hizi za kizungu hakuzijua. Katikati ya ukurasa yaliandikwa maneno haya, nayakumbuka kuliko kiapo changu cha bungeni: "Huyo mtu nilimuua kwa ajili ya biashara ya kamba. Hata ndugu yake nilimuua, ni mtu mwema."

Nilicheka, Shee. Peke yangu ofisini, nikacheka. Kwa sababu kurasa tatu mbele yalikuwamo maelezo ya huyo ndugu, mzima wa afya, ametia saini yake. Nikajiuliza ni muuaji gani huyu anayejisingizia maiti ambaye hajafa, tena anamsifu. Kisha nikayasoma tena kwa sauti, taratibu, kwa ulimi wa nyumbani, na kicheko kikanikauka.

Sisi hatusemi kujua, twasema kuyua. Lali aliulizwa huyu marehemu ni nani kwake, akajibu kama ambavyo ningejibu mimi, kama ambavyo angejibu babako: "Nalimuyua kwa ajili ya biashara ya kamba. Hata nduye nalimuyua, ni mtu mwema." Yule askari hakuisikia ile y. Akaandika alichosikia, akakinyoosha kiwe Kiswahili cha shule, na mtu aliyesema anamjua marehemu akawa amesema amemuua. Hapakuwa na kingine cha kumfunga. Hapakuwa na silaha wala shahidi. Kesi nzima ilisimama juu ya sentensi hizo mbili.

Nilichukua penseli, nikaandika pambizoni: "Kuyua ni kujua. Aulizwe tena." Maneno matano. Laiti ningekufa dakika ile ningekufa mtu mwema.

Sikufa. Aliingia msaidizi wangu, mtu makini, hakuwa na ubaya wowote. "Mheshimiwa," akasema, "huyu mtuhumiwa ni wa upande wenu. Itabidi niandike kama unamjua au humjui." Ningesema namjua, ningetakiwa kulikabidhi faili kwa mwingine pamoja na maelezo yangu, na huyo mwingine angeuliza kwa nini mkuu wa sheria anamtetea mvuvi wa kwao. Nilishazisikia sauti zao: si tulisema, yule bibi analilia watu wake. Hakuna aliyekuwa amesema hivyo bado. Niliwasemea mimi.

"Simjui," nikamjibu.

Akaandika. Kisha akaweka kidole kwenye ile sentensi ya ndugu. "Hii inachanganya, Mheshimiwa. Tukipiga chapa ya mahakama, tuiache?"

"Iache," nikasema.

Tazama neno hilo lilivyo. Kuiacha ni kuiacha ilipo, na kuiacha ni kuitoa. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilikusudia ibaki ilipo na kwamba yeye ndiye hakunielewa. Ni uongo. Nilijua atakavyoelewa. Nilichagua neno lenye mlango wa nyuma, kazi niliyoifanya kwenye siasa miaka minne na nikaimudu. Alipotoka nilichukua ufutio nikafuta penseli yangu, nikapuliza vumbi lake mezani.

Idi ya mwaka ule nilikuja nyumbani. Wewe ulikuwa likizo. Asubuhi ya mosi akaja Bi Zena, amevuka kutoka Ndau peke yake, mkononi ana kamba wawili wangali hai, wamefungwa kwa ukindu. Akakaa kwenye ukingo wa kiti, hakuegemea.

"Bi," akasema, "nimekuya kwako kwa neno moya tu. Lali alinena alimuyua. Hakunena alimuua. Wale askari hawayui maneno yetu. Wewe wayua."

"Mama," nikamwambia, "suala hilo liko mbele ya mahakama. Kwa nafasi yangu siwezi kulizungumzia." Nilimjibu kwa Kiswahili cha televisheni, Shee. Katika nyumba hii, mbele ya mwanamke aliyenilisha kwa mkono wake.

Akawaweka wale kamba sakafuni. "Huyui neno hilo?"

"Mama, nimekueleza."

"Basi nipa mai ninwe," akasema. "Ndia ni mbali."

Akanywa, akashukuru. Mlangoni akageuka. Hakuwa amekasirika, alikuwa kama anayenikumbusha kitu nilichokisahau sokoni. "Lali alikutukulia mashine kitwani, Bi. Haikurowa." Akatoka. Wale kamba tuliwala mchana ule, na wewe uliusifu mchuzi.

Lali alifungwa maisha. Mahakamani alipiga kelele kwamba alisema anamjua, hakusema amemuua. Upande wa mashtaka ukajibu kwamba amefundishwa maneno hayo baadaye. Sentensi ya ndugu, ambayo ingewafanya hata watoto wacheke na wakaelewa, haikuwa kwenye karatasi zilizopigwa chapa. Mimi nilikuwa Nairobi nikihutubia mawakili habari ya haki kwa mnyonge. Nilipigiwa makofi pia siku hiyo.

Kile kiti nacho kina miguu, kilikuja kikanikimbia. Serikali ilibadilika, nikarudi Langoni, watu wakanipokea kwa heshima zote. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini nikialikwa harusi za Ndau huwa naumwa kichwa. Sasa unajua. Bi Zena alipofariki nilipeleka mchele na sukari ya khitma. Mwenyewe sikwenda. Niliogopa nisije nikakaribishwa vizuri.

Miezi mitatu iliyopita alikuja hapa binti mmoja wakili, Nafula. Unamkumbuka, ulimfungulia mlango ukamletea kahawa. Nilikwambia amekuja kuniomba ushauri. Yeye ndiye wakili wa Lali. Kuna rufaa mpya, na ameruhusiwa kulikagua faili la zamani. Alinitolea nakala ya ule ukurasa wa mkono. Pambizoni palikuwa na kivuli hafifu cha kijivu, maneno hayasomeki, ila mkia wa y ulionekana.

"Mama, huu mwandiko unaujua?" akaniuliza.

"Sikumbuki," nikamwambia. Mwanamke wa miaka sitini na tatu, mwenye hija mbili.

Hakunishinikiza. Alikusanya karatasi zake, akasema kama nikikumbuka nimpigie. Kisha akasema, "Lali anakusalimu. Aliniagiza nikuulize, ile mashine ingali hai?"

Mtu yuko gerezani miaka kumi na moja kwa ajili yangu, na ananitania. Ama hajui nililofanya, ama anajua. Sijaweza kuamua lipi ni zito zaidi. Usiku wangu tangu siku hiyo usiniulize.

Na bado sikumpigia. Wiki moja baadaye ikaja barua yako ya kazi. Ulinikimbilia nayo kama mtoto, wewe wakili wa serikali, mwendesha mashtaka, na nikaona picha ya ukumbini inazaa. Nikajiambia: nikisema sasa, mtoto ataanza kazi jina la mamake liko magazetini. Tena ofisi anayoingia ndiyo itakayosimama dhidi ya Lali. Watamnyooshea vidole kabla hajapewa meza. Ngoja kwanza athibitishwe. Miezi sita si mingi.

Wiki iliyopita nilikuwa nakukunjia kanzu nikajisikia nikisema kwa mdomo, peke yangu chumbani, "miezi sita si mingi." Nikakaa kitandani. Nilikuwa nimeushika ule ufutio tena. Safari ya kwanza niliwaogopa watu, nikaita ile hofu kuwa ni kutopendelea. Safari hii nikaiita mapenzi ya mama. Mtu mwenye elimu hakosi jina zuri la kuupa woga wake, na sisi wanasheria tuna mengi kuliko wote.

Kwa hiyo nimempigia Nafula. Jana, ulipodhani nimekwenda kumtazama mgonjwa, nilikuwa kwa wakili mmoja wa hapa mjini naapa. Yote yamo kwenye hati: penseli, simjui, iache, ufutio. Nafula anasema majaji watataka kunihoji mwenyewe. Anasema pia kwamba huenda nikashtakiwa. Nilimwambia ingekuwa ajabu nisishtakiwe.

Nisamehe kwamba nimekuchagulia wiki hii. Hakuna wiki nyingine iliyokuwa nzuri, nimezijaribu zote. Wakikuuliza ofisini, "Yule ni mamako?" sema ndiye. Nisemee hivyo tu. Usinitetee, na usinikane ili wakupende. Nimeshaonja vyote viwili, kuwakana watu na kupendwa kwa ajili yake, na ladha yake haitoki mdomoni. Ukiona huwezi kuifanya kazi hiyo na jina hili, rudi. Langoni hakuna aliyekufa kwa kukosa cheo. Mimi ningependa uifanye. Mafaili yatakuja mezani kwako, Shee, na mengi yatakuwa ya watu waliosema kitu kimoja kikaandikwa kingine. Utawasikia wewe, kwa sababu masikio yako tuliyalea hapa, mimi na babako. Sina wasiwasi na masikio yako. Mimi pia nilisikia.

Ile picha nimeitundua. Nimeiweka nyuma ya kabati, ukiitaka ni yako, lakini ujue unachochukua.

Barua hii nitaiweka juu ya boksi lako. Isome, kisha ulale ukiweza. Asubuhi usinitafute ndani, nitakuwa nimeshafika gatini na kikapu changu, maana boti ni moja na basi ni moja mpaka Malindi, na Malindi nashuka, Nafula ananingoja. Ukitaka kukaa nami, nitakuwekea nafasi. Ukitaka kukaa mbali, kaa, sitakuita. Boti ile ni ndogo lakini umbali haikosi.

Wataniuliza mbele ya majaji kama siku ile, niliposema simjui, nilikuwa namjua Lali wa Ndau. Nitawajibu kwa lugha ya mamangu, na sitainyoosha: nalimuyua. Na karani akikosa kuisikia ile y, akaandika kama yule askari alivyoandika, uwe umekaa karibu nami au mbali, mwanangu, usisimame kumsahihisha.

Mamako.